Jimmy Hill alikuwa nani hasa, na kwa nini wazee wa Uingereza bado wanamlilia?

KijanaWaTandale:
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Juzi kibanda umiza ubishi ulizuka kuhusu msimamo wa ligi. Mzee mmoja akasema enzi zake timu ikishinda ilipata pointi mbili tu, na aliyeleta pointi tatu ni Mwingereza anaitwa Jimmy Hill. Nikaingia mtandaoni kutafuta. Nakuta alifariki tarehe 19 Desemba 2015 akiwa na miaka 87, na hadi leo watu wanamwandika kwa uchungu kama amezikwa jana. Wengine wanamwita kocha, wengine mtangazaji. Ubingwa wa ligi kuu akiwa kocha sijauona. Sasa alipendwa kwa lipi? Walioko huko nisaidieni.

BabaHillfields:
Marahaba mwanangu. Mimi ni mtu wa Tanga, Ngamiani, na Coventry ndiyo imenizeesha. Nilikuwa dereva wa basi hapa mpaka nikastaafu, na nyumba yetu ya kwanza ilikuwa Hillfields, mwendo mfupi kwa miguu kutoka uwanja wa zamani wa Highfield Road. Umeuliza habari za mtu ninayempenda, kwa hiyo nivumilie.

Mzee wenu kasema kweli. Zamani ukishinda mechi moja na kufungwa moja, una pointi mbili. Ukitoa sare mbili, nawe una mbili. Timu ikienda ugenini ilikuwa inajaza watu golini na kuridhika na suluhu. Hill aliona mtazamaji aliyelipa kiingilio anaibiwa, akashikilia mpaka ligi ya Uingereza ikakubali pointi tatu mwaka 1981. Kombe la Dunia lilifuata mwaka 1994. Kila jedwali unalolitazama leo, la kwetu Bongo likiwamo, lina mkono wake.

Lakini wazee hawamlilii kwa hesabu hiyo. Rudi nyuma kidogo. Alikuwa mchezaji wa Fulham, na mwaka 1957 akawa mwenyekiti wa chama cha wachezaji. Wakati ule sheria ilikataza mchezaji yeyote kulipwa zaidi ya kiwango fulani, ambacho mwishowe kilikuwa pauni 20 kwa wiki. Viwanja vinafurika, wenye klabu wanakusanya, na anayevunjwa mguu anarudi kwao na pauni zake 20. Hill alizunguka kwa wachezaji, akawaunganisha, wakatishia kugoma. Januari 1961 kikomo kikaondolewa. Haukupita muda Johnny Haynes, mwenzake wa Fulham, akawa analipwa pauni 100 kwa wiki. Hill mwenyewe goti lilikuwa limemsaliti, akaacha kucheza mwaka huohuo. Yaani alipigania mshahara ambao yeye hakuula, na kwangu mimi hapo ndipo unapomjua mtu.

Novemba 1961 akaja hapa. Coventry ilikuwa daraja la tatu na ilikuwa imetoka kufungwa na King's Lynn, timu ambayo hata kwenye ligi haikuwamo. Akabadilisha jezi zikawa za buluu ya anga, ndiyo maana hadi leo tunaitwa Sky Blues. Akaweka treni maalumu za kuwapeleka mashabiki ugenini. Akawaita watoto wakutane na wachezaji, wakapewa soda na krispi. Mwaka 1964 tukapanda daraja la pili, mwaka 1967 tukapanda la kwanza, na klabu ikakaa juu huko mpaka mwaka 2001.

Wewe umetaja kibanda umiza. Oktoba 1965 Coventry ilicheza ugenini Cardiff, na Hill akasimamisha skrini kubwa katikati ya Highfield Road, mechi ikaonyeshwa moja kwa moja. Watu zaidi ya 10,000 walikuja kutazama uwanja usio na wachezaji! Wenzangu pale gereji waliokuwapo walikuwa wakilisimulia hilo mpaka tunaitwa kuingia zamu.

Mimi nimemfahamu kwa runinga. Nilipofika nchi hii Kiingereza changu kilikuwa cha darasani, na jioni ya Jumamosi nikishatoka zamu nilikuwa namsubiri kwenye Match of the Day, kipindi cha mpira cha BBC. Kidevu kirefu, ndevu, na sauti ya mtu asiyeogopa kukosolewa. Alikuwa anasimamisha picha, anairudisha, anakuonyesha beki alipaswa kusimama wapi kabla krosi haijapigwa. Kabla yake wachambuzi wengi walikuwa wanasifia tu. Yeye alitusemesha kama watu wenye akili, sisi madereva na watu wa viwanda vya magari, kana kwamba tumekaa naye benchi. Ukocha wake haukuisha alipoondoka Coventry mwaka 1967, aliuhamishia studio.

MpembaWaSunderland:
Baba, shikamoo. Nakuheshimu, ila mimi naishi Sunderland, na huku jina hilo ukilitaja baa unaweza kuambiwa utoke. Mwaka 1977, siku ya mwisho ya msimu, kati ya Sunderland, Coventry na Bristol City mmoja wao alikuwa anashuka. Mechi ya Coventry na Bristol City ikachelewa kuanza. Sunderland wakafungwa na Everton, Hill, aliyekuwa amerudi Coventry kama kiongozi wa klabu, akaagiza matokeo yawekwe ubaoni. Wale wawili wakaona sare inawatosha wote, wakaanza kupasiana mpaka kipenga. 2-2. Sunderland wakashuka. Mbona hilo umeliruka?

BabaHillfields:
Marahaba mwanangu. Nilikuwa namjibu kijana kwa nini alipendwa, ila umefanya vizuri kulileta. Nasema wazi: kuweka yale matokeo ubaoni wakati mechi inaendelea haikuwa haki, na mtu wa Sunderland mwenye kinyongo ana sababu. Hill alikuwa akiamini jambo analisukuma mpaka mwisho, na siku ile alichoamini kilikuwa Coventry tu.

Tabia hiyohiyo ndiyo iliyoleta viti. Mwaka 1981 aliigeuza Highfield Road ikawa uwanja wa kwanza Uingereza wa watu wote kukaa. Nilikuwa mpya, nikashangaa jinsi watu walivyokasirika. Walitaka kusimama na kuimba. Msimu huohuo mashabiki wa Leeds waling'oa viti wakavirusha. Miaka michache baadaye sehemu ya viti ikaondolewa. Halafu yakaja maafa ya uwanja wa Hillsborough, mwaka 1989. Watu 97 walikufa kwa kubanwa. Baada ya hapo viwanja vyote vya ligi kuu viliamriwa kuwa vya viti. Mimi siku ile ya Hillsborough nilikaa mbele ya runinga nikamkumbuka Hill na viti vyake.

DadaWaGlasgow:
Niongeze kidogo. Uskoti nao wana lao. Kombe la Dunia 1982, David Narey aliwafunga Brazil goli la kwanza kwa shuti kali, na Hill akasema kwenye runinga kwamba kapiga kwa ncha ya kiatu tu. Brazil walishinda 4-1, lakini Waskoti waliimba nyimbo za kumtukana miaka na miaka. Baba mkwe wangu alikuwa akiziimba kwa nguvu zote, ila habari ya msiba ilipotangazwa alizima redio na kusema, huyo alikuwa anaujua mpira.

KijanaWaTandale:
Asanteni sana wakubwa. Nimesoma pia kwamba aliwahi kuwa mshika kibendera kwenye mechi ya Arsenal. Hiyo ni kweli au ni stori za mtandaoni?

BabaHillfields:
Kweli tupu. Septemba 1972, Arsenal na Liverpool, Highbury, uwanja wa zamani wa Arsenal. Mshika kibendera mmoja aliumia msuli, na bila mtu wa kushika nafasi yake mechi isingeweza kuendelea. Wakatangaza kwenye vipaza sauti kama kuna mwamuzi mwenye sifa jukwaani. Hill alikuwa amekuja kutazama tu, na cheti cha uamuzi alikuwa nacho. Akashuka, akavaa trakisuti, akachukua kibendera na kukimbia pembeni mwa uwanja mpaka dakika ya mwisho. Iliisha 0-0.

Ukipata kuja Coventry, sanamu yake iko nje ya uwanja mpya, kaskazini mwa mji. Ilisimamishwa mwaka 2011 yeye mwenyewe akiwapo. Nitakupeleka.