Tupeane uzoefu: ulipouguliwa, watu wa kanisani walikufaaje?

Mngoni Halisi: Wakuu, leo napanga kabati la jikoni nimekuta chupa ya chai ambayo si yetu. Ubavuni ina plasta nyeupe imeandikwa kwa peni "MAMA HAPPY, IRUDI". Nikakaa chini palepale.

Ilikuwa 2019. Mke wangu alikutwa na saratani ya mlango wa kizazi. Tukatoka Songea na begi moja na mtoto wa miaka minne, tukapanga chumba Mbagala. Mionzi hospitali ya saratani Ocean Road, mara 25, Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki tano. Dar sina ndugu, na kanisani nilikuwa sijakanyaga tangu nifunge ndoa.

Jumapili ya pili nikaenda misa. Si kwa imani, nilichoka kukaa chumbani namsikiliza anatapika. Wakati wa kutoka, mtoto kanilalia begani, mama mmoja akaniuliza, "Baba, mama wa huyu yuko wapi?" Nikalia mbele za watu, mwanaume mzima.

Jumamosi yake jumuiya, waumini wa mtaa ule, ikasali kwetu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Watu kumi na tisa, wengine wamekalia ndoo kibarazani. Mama Happy, muuza vitumbua, ndiye mwenyekiti. Sala ilipoisha akafungua kaunta buku, akapiga mistari: nani uji, nani abaki na mtoto, nani amsindikize mgonjwa. Kadi ya zaka hakuuliza.

Vituko navyo vilikuwepo. Kuna mama alimwogesha mke wangu akamsugua kwa dodoki na sabuni ya mche, alama zote walizomchora kwa ajili ya mionzi zikafutika. Kesho yake wakaanza kumpima upya, tumetoka saa kumi jioni. Nilimnunia yule mama wiki nzima, na yeye hakukosa zamu hata moja.

Mke wangu yupo, anakaanga dagaa hapa. Haya, nanyi.

Bwana Shamba: Umenigusa mkuu. WAWATA, hao wanawake Wakatoliki, waacheni waitwe WAWATA.

Zakayo Mfupi: Mnasifia kwa sababu hamjakutana na wetu. Baba yangu yuko hoi, nimeenda kuomba padri aje kumpaka mafuta, katekista kafungua daftari la michango kabla hata ya kunipa pole. Ananiambia, "Miaka mitatu hamjalipa." Baba alipakwa na padri wa parokia jirani, tena usiku.

Sindano: Na hiyo miaka mitatu jumuiya ulikuwa unaenda?

Zakayo Mfupi: Nilikuwa namwuguza mzee, dada. Au na wewe una daftari?

Sindano: Punguza jazba. Mimi nesi, tena Mlutheri wa KKKT, hayo ya kwenu siyajui. Ninachojua mgonjwa ambaye kanisa lake linakuja namtambua kwa hotpoti zilizopangwa chini ya kitanda.

Kipusa wa Tanga: Sisi Waislamu. Bibi alilazwa hospitali ya KCMC, Moshi hatuna mtu. Kitanda cha pili kulikuwa na mama wa Kilutheri, kwaya yake inakuja na chakula. Walipoona bibi anakula mkate mkavu wakaanza kuleta hotpoti mbili. Mmoja akanivuta pembeni, "Kuku tumechinjisha kwa Mwislamu, mwambie bibi asiwe na wasiwasi." Wakiomba, bibi anaitikia aamin kuwashinda wenyewe.

Bwana Shamba: 😂😂 Bibi nimempenda.

Mtoto wa Mwisho: Ngoja nami niseme. 2021 baba alipata kiharusi, upande mmoja ukafa na sauti ikakata. Kuna dada wa kwaya akawa anakuja kila jioni. Anamgeuza, anamkata kucha, anamlisha mtori kijiko kwa kijiko. Mama akawa anamsifu kanisa zima, sisi watoto wa kuzaa tunaona aibu.

Mwezi wa tatu sauti ikaanza kurudi. Neno la kwanza lililoeleweka lilikuwa jina la yule dada. La pili, "mwanangu".

Mama alikuwa ameshika kikombe. Akakiweka chini taratibu, akamwuliza yule dada, "Una miaka mingapi?" Akajibu thelathini na mbili. Ndoa ya wazazi wangu ilikuwa na thelathini na tano.

Naingia kazini, tutaongea jioni.

Zakayo Mfupi: WEWE RUDI HAPA.

Bwana Shamba: Kazi gani hiyo? Omba ruhusa.

Mngoni Halisi: Jamani uzi ni wa kuuguza...

Chumvi ya Mawe: Mtoa mada tulia kwanza. Huyo dada alikuwa anajua?

Sindano: Mkisubiri, mwenye mgonjwa wa kiharusi amgeuze kila baada ya saa mbili. Na anayepata dripu za saratani msimjazie watu chumbani, kinga inashuka. Mwenye mafua aombee akiwa kwake.

Bwana Shamba: Mimi napinga. Mgonjwa watu. Mama yangu aliponea kwenye kelele.

Chumvi ya Mawe: Kelele si zote. Mjomba ana kisukari, akaambiwa na mtumishi wa Mungu aache vidonge, ameshapona. Mguu ukakatwa. Mtumishi hakuja hata wodini.

Mtoto wa Mwisho: Nimerudi. Alijua. Alihamia kwaya yetu makusudi, awe anamwona baba kila Jumapili. Mama alinyamaza siku mbili. Ya tatu akampigia simu mbele yetu: "Mbona huji? Mtori unapoa." Baba alifariki mwaka uliofuata, yeye ndiye aliyemfumba macho. Kaka yangu mkubwa mpaka leo hamsalimii.

Kipusa wa Tanga: Huyo mama yenu ana kifua.

Mgeni Mjini: Mimi nipo Mbezi, mama anaanza mionzi wiki ijayo. Nimezoea kukaa viti vya nyuma na kuondoka mapema. Nawaanzaje?

Mngoni Halisi: Usitoke mapema, kaa mlangoni misa iishe. Mtafute mwenyekiti wa jumuiya ya mtaa unaokaa. Na usiseme "tuombeeni" ukaishia hapo, watakuombea kweli na kwenda zao. Sema nataka mtu wa kwenda na mama Jumanne, mimi nipo kazini. Nyingine nakutumia PM.

Zakayo Mfupi: Na hiyo chupa ya watu?

Mngoni Halisi: Nimempigia muda huu. Anasema chupa nibaki nayo, anachodai ni hotpoti lake la kijani. Mke wangu anaapa hotpoti tulirudisha.