Pombe tamu ya njugu ya bei nafuu: nitajuaje kama ni nzuri? Msaada kabla ya Ijumaa

MpishiCasuarina
Hamjambo wanajukwaa. Niko Malindi, napika kwa Mtaliano mmoja huku Casuarina. Nina chupa ya pombe tamu yenye ladha ya njugu. Si karanga hizi zetu, ni ile njugu ya Ulaya, hazelnut, ambayo kwenye jelati huitwa nocciola. Nimeinunua mjini shilingi 1,150. Mimi si mnywaji. Anayejua anieleze inaonjwaje, na nitajuaje kama imekaribia ile ya bei ghali. Nataka jibu kabla ya Ijumaa. Naomba msinicheke.

TukTuk_Maweni
Ijumaa kuna nini?

BabaWaili_Barani
1,150! Pakiti za unga hizo, mwanangu. Halafu mwisho wa mwezi mwaja humu kulia mshahara hautoshi.

MpishiCasuarina
Unga upo, baba. Ijumaa kuna mgeni tu.

KauntaWatamu
Nimesimama kaunta miaka tisa, nisikilize mimi. Kwanza usitie barafu wala usiiweke kwenye friji, baridi huficha kasoro. Tia tone kiganjani, sugua, ngoja spiriti ipae, ndipo unuse. Ikibaki harufu ya njugu iliyokaangwa, kama korosho zinapoepuliwa, na vanila kwa mbali, hujaibiwa. Ikibaki biskuti za lozi au sabuni ya kuogea, basi ni esensi na rangi tu.

Halafu onja kijiko kimoja. Utamu usikushtue, Ulaya sheria inataka pombe za namna hii ziwe na sukari isiyopungua gramu 100 hivi kwa lita. Wewe subiri umeze. Nzuri huacha uchungu mdogo, ule wa ngozi ya njugu. Mbaya huacha sukari peke yake, na midomo inanata kana kwamba umelamba kashata.

Na hiyo ghali ni ipi? Kama ni Frangelico, ile chupa ya mtawa mwenye kamba kiunoni, hiyo yatoka Piemonte, Italia, na kilevi chake ni asilimia 20. Yako imeandikwa ngapi?

UstadhMtoro
Kidogo chake na kingi chake ni kimoja. Ndugu yangu, riziki zi nyingi, tafuta jiko lisilo na makabati hayo.

Mgema_Ganda
Mwahangaika na njugu za Ulaya na korosho tunazo! Kiwanda cha Kilifi kilikufa miaka ya tisini, na mabibo mpaka leo yaoza chini ya mikorosho, nzi ndio wanaofaidi. Wenzetu wa Goa, India, huyakamua wakapata pombe kali iitwayo feni, nao wanaiuza kwa fahari. Mimi nagema mnazi tangu nikiwa kijana. Wa asubuhi mtoto anywa, wa jioni mzee aimba. Hauhitaji kiganja wala vanila.

TukTuk_Maweni
Mgema, uzi si wako 😂 Mpishi, stempu ya ushuru ya KRA uliikagua? Mei 2014 watu walikufa kule Embu na Kitui, wengine wakapofuka, kwa pombe yenye methanoli.

MpishiCasuarina
Stempu ipo, nimeipima kwa simu, ile app ya KRA, Soma Label, imekubali. Kilevi imeandikwa 17. Nimefanya ya kiganja: ni biskuti, sikatai, lakini biskuti nzuri. Je, nikiichanganya na ile iliyobaki, biskuti itapungua?

DadaShela
Iliyobaki ipi?

KauntaWatamu
Ndiyo, iliyobaki ipi?

DadaShela
Mpishi, twakungoja.

MpishiCasuarina
Sawa. Bosi ana chupa yake ya mtawa kabatini. Alipoondoka Machi aliiacha robo tatu. Pasaka mdogo wangu alilala hapa siku nne, na alipoondoka zilikuwa zimebaki vidole viwili. Sikuinywa mimi. Nimeshamimina jana usiku, lakini sikujaza, nimeishia palepale alipoacha. Rangi hata mimi siwezi kuzitofautisha. Na yeye hutia kwenye kahawa tu. Atajuaje?

KauntaWatamu
Kwenye kahawa ndiko utakakonaswa! Moto hupandisha harufu. Hata kikombe hakijafika mdomoni, biskuti imeshamfika puani. Mtu aliyekulia nocciola!

DadaShela
Amwambie ni lozi. Disaronno, ile pombe tamu ya Kitaliano, yasifiwa dunia nzima kwa lozi na ndani hamna lozi hata moja, ni kokwa za aprikoti.

BabaWaili_Barani
Mimi nimevunja sahani ya tajiri mwaka 1988, nikamwambia siku ileile. Akanikata mshahara, akaniongeza kazi, nikakaa miaka kumi na moja. Mwambie.

Mkaguzi_Lamu
Jamani, mnachezewa. Huu ni mwezi wa tano, masika yamwagika, nyumba nusu za Casuarina zimefungwa makufuli. Mtaliano gani aja Malindi Mei? Wao ni Agosti na Desemba. Halafu mtu "si mnywaji" lakini aijua nocciola, na usiku anapima vidole chupani. Hii ni hadithi ya kukusanya majibu.

TukTuk_Maweni
Mimi nilishuku tangu pale "mgeni tu". Mdogo wako naye yuko wapi, au naye ni biskuti?

Mgema_Ganda
Kama ni uongo, mtunzi ni fundi. Nilishaanza kumuonea huruma mtawa.

Mkaguzi_Lamu
Tuma picha ya chupa.

MpishiCasuarina
Nocciola naijua kwa sababu nawakorogea watoto wake jelati tangu 2016. Na Mei anakuja kwa sababu anauza nyumba. Sikutaka kulisema, hata mke wangu hajui. Ijumaa saa nne anafika na mnunuzi. Amenipigia mwenyewe: kahawa, na chupa ya mtawa mezani. Mnunuzi akipendezwa na nyumba huenda akabaki na mpishi. Sasa wewe baba waniambia nimwambie siku hiyohiyo?

BabaWaili_Barani
Mwambie Alhamisi.

KauntaWatamu
Pole, ndugu. Basi siku hiyo tengeneza kahawa nzito, na chupa iache mezani ajimiminie mwenyewe.

Mkaguzi_Lamu
Picha.

MpishiCasuarina
Naituma. Ila nilipokuwa namimina, kamba ya mtawa ilifunguka. Kuna anayejua lile fundo hufungwaje?