Wakuu, naombeni mbinu ya kukariri tishu, sapu ni wiki tatu zijazo

Fupaja_2
Habari za jioni wakuu. Nasoma udaktari, mwaka wa kwanza. Mtihani wetu wa vitendo wa anatomia ni wa vituo: unasimama mbele ya pini iliyochomekwa kwenye mwili, au mbele ya hadubini, unaandika jina la kitu, kengele inalia, unasogea. Miili na mifupa nilifanya vizuri. Hadubini ndiyo iliyoniangusha: vituo 10, nimepata 1. Nina sapu, yaani mtihani wa marudio, na naogopa disko, yaani kuondolewa chuo. Kijijini wameshaanza kuniita daktari. Slaidi, vile vioo vyenye kipande cha tishu, mnazikaririje? Usingizi sina.

MzeeWaBucha
Kijana, mimi niko buchani miaka 20 na sijawahi kukariri. Umeme ukikatika nashika tu: hili ini, hii bandama, hii figo. Nenda machinjioni alfajiri, utajifunza mengi kuliko darasani. Mwaka juzi nilimfundisha kijana mmoja, leo ana bucha yake.

MamaKulwa
Hao marehemu mnaowachoma pini, umewahi hata kuwaombea? Anza hapo mwanangu.

NesiWaZamu
Mdogo wangu, kuna kitu hujasema. Anayeweza kutofautisha neva na veni za kwapani si mvivu. Kwenye hadubini kuna nini?

Fupaja_2
Dada, ni presha tu ya muda.

NesiWaZamu
Presha ingekuangusha na kwenye miili pia. Sema.

Fupaja_2
Sawa. Rangi nazichanganya tangu utoto. Mama alikuwa na genge, akinituma nichague nyanya zilizoiva nilikuwa nazibonyeza, kwa macho sioni tofauti. Kwenye slaidi wenzangu wanasema "angalia pale penye zambarau", mimi naona ukungu wa aina moja. Chuoni sijamwambia mtu, wataniondoa. Barua ya kuhamia ugavi nimeshaiandika. Msinilaumu, kuacha mapema ni bora kuliko kuja kuua mgonjwa.

NesiWaZamu
Umepimwa? Kuna kile kitabu cha vidoti alichokitoa Mjapani, Shinobu Ishihara, mwaka 1917. Ni dakika chache tu kliniki ya macho. Hali hii mara nyingi inarithiwa kupitia kromosomu X, ndiyo maana inawakuta zaidi wanaume.

Kibuyu_Kikavu
Hii chai wakuu, tena chai ya rangi! Ateri nyekundu, veni bluu, neva njano. Asiyeona rangi alifauluje miili? Na majaribio ya hadubini ya mwanzo wa muhula alipitaje? Mleta uzi anatafuta wasomaji.

MzeeWaBucha
Hata mimi nilishtuka pale kwenye nyanya.

Fupaja_2
Mkuu, rangi hizo ni za vitabuni. Mwili uliokaa kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, wote ni kama ngozi ya kiatu kilichofubaa. Ateri unaijua kwa ukuta mnene unaorudi ukiuminya, veni imelala bapa, neva ukiisokota kati ya vidole ni kamba isiyo na tundu. Kwapani natafuta ile M ya neva mbele ya ateri, kisha nahesabu kutoka hapo.

Majaribio ya mwanzo, nakiri, nilikariri vioo. Kilichomeguka pembeni kilikuwa koo la hewa, chenye mkwaruzo kilikuwa ngozi. Siku ya mtihani wakaleta seti nyingine.

Daktari_Pembeni
Huyu hatungi. Aliyekariri mikwaruzo ya vioo ndiye huyu, nimewaona wawili watatu.

Kijana, tishu nyembamba kiasi kile karibu haina rangi. Zambarau ya viini vya seli inatoka kwenye hematoksilini, pinki inatoka kwenye eosini, ni kupaka tu. Acha kukimbizana na rangi. Anza na lenzi ndogo, uliza: kuna tundu katikati? Kuta zina tabaka ngapi? Ndipo upande lenzi kubwa. Misuli ya mifupa ina michirizi na viini vingi vimesukumwa ukingoni. Misuli laini haina michirizi, seli zimechongoka ncha mbili, kiini kimoja katikati. Gegedu la koo la hewa, seli zimekaa kwenye vishimo. Na punguza kidogo tundu la mwanga chini ya meza ya hadubini, mistari itakolea. Halafu mwambie mhadhiri wako. Madaktari wenye macho kama yako wapo, wanatibu watu.

Fupaja_2
Ni rahisi kusema daktari. Barua ipo kwenye begi, na ugavi wana nafasi.

MamaKulwa
Mkopo wa serikali unahama na wewe? Uliza kwanza.

Kibuyu_Kikavu
Tumalize ubishi. Nimeweka picha hapa chini, rangi nimeitoa yote, imebaki nyeusi na nyeupe. Ni nini? Usigoogle.

Fupaja_2
Nyuzi zina michirizi lakini zinagawanyika matawi na kuungana. Kiini katikati. Kuna vimistari vyeusi vinakatiza pale seli zinapokutana. Misuli ya moyo.

Kibuyu_Kikavu
Ndiyo yenyewe. Nimekukosea, samahani sana mkuu.

NesiWaZamu
Umetumia muda gani?

Fupaja_2
Kama nusu dakika dada. Barua bado ipo kwenye begi. Mkuu Kibuyu, weka nyingine.