Mjadala: Jeshi la Urusi 1917 liliuawa na Amri Namba 1, au lilishakufa kabla?

Wakuu habari zenu, naomba hili tulijadili kwa kina maana kila mada ya mapinduzi ya Urusi ikiguswa lazima atokee mtu aseme jeshi la Tsar, yaani mfalme wa Urusi, lilikuwa zima kabisa, likaja kuuawa na karatasi moja tu, Amri Namba 1 ya Baraza la Petrograd, yaani baraza la wafanyakazi na askari katika mji mkuu wa Urusi wa wakati huo. Yaani askari akishaambiwa asipige saluti basi vita imekwisha. Mimi nakataa, na naeleza kwa nini, anayepinga aje na hoja.

Kwanza amri yenyewe inatajwa sana na watu ambao hawajui ilisema nini. Ilitoka tarehe 1 Machi 1917 kwa kalenda yao ya zamani, kwa kalenda yetu ni 14 Machi kwa sababu wao walikuwa nyuma siku 13, na tarehe zangu zote za mwaka huo ni za kwao. Aliiandika mwanasheria anaitwa Sokolov pale jumba la Tauride, makao ya Baraza mjini Petrograd, askari wamemzunguka wanamwambia cha kuandika. Ilisema kila kombania, kila batalioni na kila meli ichague kamati, silaha zikae chini ya kamati na maofisa wasikabidhiwe hata wakizidai, askari akiwa nje ya zamu asilazimishwe kusimama mguu sawa wala kupiga saluti, zile "mtukufu" na "mheshimiwa" zifutwe, mtu aitwe bwana jenerali au bwana kanali inatosha, na ofisa asimfokee askari kama mtoto wa kutumwa. Lakini imo sentensi ambayo wenzetu huwa wanairuka: akiwa zamuni na kwenye kazi ya jeshi, askari afuate nidhamu kwa ukali wote. Tena ilielekezwa kwa vikosi vya Petrograd tu, na siku chache baadaye ikatoka Amri Namba 2 kufafanua kwamba hakuna aliyesema maofisa wachaguliwe kwa kura, ila tayari ile ya kwanza ilishaenda mpaka mahandakini huko mbele na hakuna wa kuirudisha.

Sasa tazameni tarehe. Kikosi cha Volynsky kiliasi asubuhi ya 27 Februari kikiongozwa na sajenti Kirpichnikov, na hiyo ni baada ya kutolewa mitaani jana yake wakaamriwa kuwapiga risasi waandamanaji pale uwanja wa Znamenskaya. Kapteni wao, Lashkevich, aliuawa palepale kambini. Petrograd ilikuwa na askari zaidi ya 150,000 na ndani ya siku mbili karibu wote wakawa wameshageuka. Kule Kronstadt, kisiwa chenye kambi ya wanamaji karibu na Petrograd, mabaharia walimuua Admirali Viren 1 Machi, siku ileile Sokolov anaandika, karatasi haijafika kisiwani. Kwa hiyo mwenye hoja ya amri aniambie, Lashkevich na Viren waliuawa na amri ipi? Ile karatasi haikuleta uasi, uasi ndio ulioleta karatasi.

Na chuki haikuanza juzi. Askari wa kawaida Petrograd alikuwa haruhusiwi kukaa ndani ya tramu, bustani za watu wa heshima haingii, ofisa akimzaba kofi hana pa kulalamika, na mwaka 1915 katikati ya vita wakarudisha viboko kwa watu wazima wenye wake na watoto nyumbani! Mwaka huohuo ndio wa ile kurudi nyuma kukubwa kutoka Poland, ambako wengine walipelekwa mbele hawana hata bunduki, unasubiri mwenzako aanguke ndio uokote yake. Kabla ya hapo Agosti 1914 palishatokea Tannenberg, jeshi zima likazingirwa, Jenerali Samsonov akajipiga risasi msituni. Halafu Tsar Nicholas akaona dawa ni yeye mwenyewe kushika ukamanda mkuu. Mwaka 1916 Jenerali Brusilov akapiga Waaustria kipigo kikubwa kweli, lakini Jenerali Evert wa upande wa magharibi akawa anaahirisha mashambulizi ya kumsaidia, mpaka damu yote ile ikaishia karibu bure. Mkulima wa kijijini aliyeona hayo yote, umwambie nini kuhusu saluti?

Kuna wanaosema kila jeshi lilichoka mwaka ule, mbona mengine hayakuvunjika. Hoja nzuri, tena mimi naona inanisaidia mimi. Wafaransa nao waliasi 1917 baada ya mashambulizi ya mkuu wao, Jenerali Nivelle, kushindwa, vikosi vingi tu vikagoma kurudi kushambulia. Akaletwa Jenerali Pétain kushika nafasi yake. Aliua askari wake? Ndiyo, wapo waliopigwa risasi, lakini hakuishia hapo, aliongeza likizo, akarekebisha chakula, akatembelea vikosi, na zaidi ya yote akasimamisha yale mashambulizi makubwa ya kijinga. Askari akaelewa kwamba kuna mtu juu anayehesabu maisha yake. Urusi Kerensky, waziri wa vita wa serikali iliyokuja baada ya Tsar, akafanya kinyume chake kabisa, akazunguka mbele akihutubia mpaka sauti inamkauka, maofisa wakawa wanamwita Mshawishi Mkuu, halafu 18 Juni akawarusha watu kwenye mashambulizi ambayo vikosi vingine vilikuwa vinayapigia kura kama twende au tusiende. Siku za kwanza wakasonga, Wajerumani walipojibu wakakimbia mpaka mji wa Tarnopol ukaenda. Julai adhabu ya kifo ikarudishwa mbele. Mimi nasema kama jeshi lilikuwa na nafasi ya kupona, basi aliyeizika ni huyo aliyelipeleka kushambulia likiwa halina imani.

Hapa naachana na wenzangu wa upande wa kushoto ambao wao ofisa ni ofisa tu, auawe. Hapana jamani. Kabla ya vita Urusi ilikuwa na maofisa kama 40,000 hivi, wengi wao wakateketea miaka miwili ya mwanzo, na nafasi zao zikajazwa na vijana zaidi ya 200,000 waliopewa cheo baada ya mafunzo ya miezi michache, walimu wa shule za vijijini, makarani, wanafunzi, watoto wa wakulima. Huyu ndiye alikuwa analala kwenye tope lilelile na askari, akiona kamati imekaa kikao anashindwa aingie au akae nje, juu anadaiwa amri itekelezwe, chini anaitwa adui wa watu. Hata majenerali msidhani wote walikuwa watoto wa makabaila, baba yake Denikin alizaliwa mtumwa wa shamba akaingizwa jeshini kwa lazima, Kornilov ni mtoto wa Kosaki (wale wapanda farasi wa mipakani) wa kawaida tu. Kwa hiyo anaposhangilia mtu kwamba Jenerali Dukhonin alitolewa kwenye behewa pale Mogilev Novemba 1917 akauawa na umati, kosa lake kukataa kuanza mazungumzo na Wajerumani, mimi siwezi kushangilia naye. Ule ulikuwa uuaji.

Atakuja mwingine aseme hata Wabolsheviki wenyewe, yaani wakomunisti waliochukua madaraka Oktoba 1917, walikiri nidhamu ya zamani ndiyo dawa. Kweli, 1918 Trotsky, mkuu wa Jeshi lao Jekundu, alifuta uchaguzi wa makamanda, akawaita makumi ya maelfu ya maofisa wa Tsar wakaitwa wataalamu wa kijeshi, familia zao zikawekwa kama dhamana ya wao kutosaliti, na komisaa, yaani mjumbe wa chama wa kuwachunga, kasimama nyuma ya kila mmoja. Lakini kama ukali ungetosha, mbona mwaka 1919 peke yake watoro wa Jeshi Jekundu walipita milioni moja? Mkulima alipigana pale alipoona "Weupe" wakirudi, yaani wale wa Denikin waliopigana na Wabolsheviki, mwenye shamba anarudi nao, kwingine alirudi zake kijijini.

Halafu kuna la kiapo, na hili nataka hasa waliopita jeshini waniambie. 2 Machi 1917 kabla Tsar hajasaini kujiuzulu, Jenerali Alekseev, mnadhimu mkuu wa Tsar, aliwatumia makamanda wa pande zote simu ya maandishi kuuliza maoni yao, na majibu yakarudi, Brusilov, Evert, Sakharov, mpaka Nikolai Nikolaevich mtu wa damu moja na Tsar, wote wakitaka aachie ngazi. Watu hao walikuwa wameapa kwake. Wiki chache baadaye walewale wanalalamika kwamba askari wa kawaida hatii tena. Kama jenerali anaweza kupima kiapo chake na hali ya nchi, koplo wa Volynsky aliyeambiwa apige risasi akina mama wa foleni ya mkate alikosa wapi? Na kama wote walikosea, adhabu ya nani ingekuwa kubwa zaidi?