Jarida limekubali hadithi yangu ila mkataba unasema "haki zote", nisaini tu?

kalamu_kavu
Habari zenu wakuu. Mi naandika hadithi fupi kitambo sasa, nyingi zimelala tu kwenye simu, sa juzi kati nikajipa moyo nikatuma moja kwenye jarida la mtandaoni na jana wamejibu kwamba wameikubali, furaha niliyonayo msiniulize. Shida ni mkataba. Ni kurasa mbili tu lakini kuna kifungu kinasema mwandishi "anakabidhi kwa mchapishaji haki zote za kazi hii, kwa lugha zote, kwa njia zote zilizopo na zitakazobuniwa, kwa muda wote wa hakimiliki". Malipo ni kidogo, yanatolewa mara moja basi. Nilikuwa na mpango hii hadithi baadaye iingie kwenye kitabu changu cha mkusanyiko, je hapo nitaruhusiwa kweli? Halafu aya za mwanzo kama nne hivi niliwahi kuziposti Facebook, hiyo inahesabika imeshachapishwa? Na sijasajili hakimiliki popote, je niwe na wasiwasi wa kuibiwa? Rafiki yangu ananiambia saini haraka wasije wakaghairi.

BiMhariri
Hongera sana mdogo wangu, kukubaliwa si jambo dogo. Ila USISAINI bado.

Nimehariri majarida madogo miaka mingi kwahiyo nikwambie tu wazi, jarida la hadithi fupi halihitaji haki zote, kazi yake haizitaki. Linachohitaji ni haki ya kuwa la kwanza kuichapisha, na kipindi fulani ambacho huruhusiwi kuipeleka kwingine (ndo unaitwa upekee), wengi wanaweka miezi sita au mwaka, na ruhusa ya kuiacha kwenye tovuti yao baada ya hapo. Basi. Kipindi kikiisha unaweza kuiuza tena sehemu nyingine, kuiweka kwenye kitabu chako, kumpa mtu wa redio, ni wewe tu.

Watu wanadhani hakimiliki ni kitu kimoja unauza au huuzi, kumbe ndani yake kuna haki kibao na kila moja unaweza kuitoa peke yake: kuchapisha kwanza, kuchapisha tena, kutafsiri, kurekodi kwa sauti, kutengeneza filamu, kuingiza kwenye antholojia, yaani kitabu cha hadithi za waandishi mbalimbali. Hicho kifungu chako kimezoa zote kwa mkupuo. Na hayo maneno "muda wote wa hakimiliki" usiyapite juu juu, Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, umeweka kiwango cha chini kuwa uhai wote wa mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake, na nchi nyingi zimepandisha mpaka 70. Yaani wewe umeshazikwa zamani na wajukuu wako bado wanaomba ruhusa. Kuhusu kitabu chako jibu ni hilohilo, ungelazimika kuwaomba wao uchapishe hadithi uliyoitunga mwenyewe, wakikataa huna la kufanya. Na majarida ya mtandaoni yanakufa kila siku jamani, tovuti inazimwa, imeili haijibiwi, haki zako zimebaki huko na hujui umfuate nani.

Msomaji_Mkuu
Mi naona mnamtisha bure. Hadithi yenyewe ya kurasa sita, nani atakuja kuifanya filamu? Apate jina kwanza, haki atadai akishakuwa mkubwa. Mi nimesaini vitu kama hivyo na sijafa.

BiMhariri
@Msomaji_Mkuu hujafa kweli lakini hizo hadithi zako leo ni za nani? Jina atalipata vilevile kwa kutoa haki ya kwanza peke yake, wasomaji hawasomi mkataba, wanasoma hadithi. Na hao wahariri wengine wala si wabaya, kuna wanaokopi mkataba sehemu wanabandika jina la jarida lao, ukiwauliza kifungu cha tatu kina maana gani wanabaki wanakuangalia. Ndo maana inabidi kuuliza.

wakili_wa_mtaani
Naingia kwenye lile la kusajili. Kwa nchi zilizomo kwenye Mkataba wa Berne, ambao ni wa tangu 1886 na karibu dunia nzima imo, hakimiliki inaanza pale unapoandika, haisubiri muhuri wala fomu. Kusajili kunaweza kukusaidia kama ushahidi ukifika mahakamani, na kila nchi ina utaratibu wake, lakini kutokusajili hakumpi mtu yeyote ruhusa ya kuchukua. Tunza tu matoleo yako ya mwanzo na zile imeili ulizotumia kutuma, tarehe zinaongea. Ila ujue kinacholindwa ni namna ulivyoandika, sio wazo. Mtu akisoma ya kwako kuhusu mjane anayekataa kurithiwa, akaenda kuandika ya kwake kwa maneno yake na matukio yake, huna kesi.

Alafu angalia neno "anakabidhi". Kukabidhi ni kuhamisha umiliki moja kwa moja, kuruhusu ni kuwapa watumie na wewe unabaki mwenye mali. Unataka mkataba wenye neno "anaruhusu". Neno moja hilo linabadilisha karatasi nzima.

nuru_ya_hadithi
Kuhusu Facebook mi ndo najua machungu yake 😅 Wahariri wengi wanahesabu kitu chochote kilichowekwa mahali ambapo kila mtu anaweza kukisoma kuwa kimechapishwa, iwe blogu yako isiyo na wasomaji au posti yenye laiki tatu. Aya nne za mwanzo mara nyingi hawazijali lakini usikae kimya, waambie mapema na uifute hiyo posti. Grupu lililofungwa la kusomeana na kukosoana kwa kawaida wanaliachia, ila soma masharti yao kwanza maana kila mmoja na lake.

Na hili la "imechapishwa au bado" lina faida na hasara kwenye mashindano pia, watu hawalifikirii. Commonwealth Short Story Prize, shindano la hadithi fupi la Jumuiya ya Madola, wanataka hadithi ambayo haijachapishwa popote, maneno 2,000 hadi 5,000, kuingia ni bure, na wanapokea hata za Kiswahili, kwahiyo ukishaichapisha kwenye jarida hapo umejifungia mlango. Tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za waandishi wa Afrika, nayo imekuwa kinyume chake, wao hadithi iwe imeshachapishwa kwa Kiingereza, na tafsiri zinaruhusiwa. Sasa fikiria umempa mtu "lugha zote", hadithi yako ikipendwa na mtu anataka kuitafsiri itabidi aende kwa jarida sio kwako. Mi hapo ndo pangenikera kuliko hata filamu.

Msomaji_Mkuu
Hilo la tafsiri sikulifikiria aisee.

jeli_ya_wino
Swali dogo @kalamu_kavu, uliituma kwa hao peke yao? Kama iko kwa wengine pia, ukishasaini waandikie siku hiyohiyo uiondoe, hakuna kitu wahariri wanachukia kama kusoma mara tatu kitu ambacho kimeshachukuliwa. Na kama kuna mahali wamekuomba wewe ndo ulipe "gharama za uchapishaji", kimbia.

kalamu_kavu
Asanteni sana wote, hela hawajaniomba. Iko kwa jarida lingine moja, ntawaandikia. Sasa hawa naanzaje kuwaambia bila kuonekana mjeuri? Bi Mhariri naomba unisaidie maneno.

BiMhariri
Hakuna ujeuri hapo, wahariri tumezoea. Andika hivi au karibu na hivi: "Nimefurahi sana hadithi yangu kukubaliwa. Kabla ya kusaini naomba kifungu cha haki kisomeke kwamba mwandishi anaruhusu jarida kuwa la kwanza kuichapisha hadithi hii kwa Kiswahili, kwa upekee wa miezi 6 tangu siku ya kutoka, na baada ya hapo kuendelea kuihifadhi kwenye tovuti bila upekee. Haki nyingine zote zinabaki kwa mwandishi. Kama haitachapishwa ndani ya miezi 12 tangu kusaini, haki zote zinarudi kwa mwandishi." Hiyo sentensi ya mwisho usiiache kabisa, kuna hadithi zimekubaliwa zikakaa kwenye foleni mpaka jarida likafungwa. Pia ongeza kwamba wasibadilishe maudhui bila kukuonyesha. Nukta na koma waachie.

kalamu_kavu
Wamejibu wakuu! Wamekubali karibu yote, wamesema hata wao ule mkataba waliurithi tu. Ila wanataka upekee uwe mwaka mmoja na wanaomba pia haki ya sauti kwasababu wana podikasti. Niwakubalie?

BiMhariri
Mwaka ni sawa, kitabu chako chenyewe hakijaisha kuandikwa. Sauti wape, ila iandikwe ni kwa podikasti yao tu na si ya kipekee, ili kesho mwingine akitaka kuisoma redioni usikwame. Wakiandika hivyo saini, na ubaki na nakala yenye sahihi zote mbili.

wakili_wa_mtaani
Na utuwekee linki ikitoka tusome.