Gumzo la familia: majibu ya MRI ya Baba

Rehema: Shikamooni wazee. Tumetoka kwa daktari, Baba amejilaza. Uvimbe upo. Hauko ndani ya ubongo, uko kwenye kitako cha fuvu, ile sakafu ya mfupa iliyoubeba ubongo. Katikati kabisa, nyuma ya pua. Mfupa wenyewe unaitwa klivasi.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Ya Rabi. Na kule kuona watu wawili wawili? Si tuliambiwa ni miwani?

Rehema: Miwani tumebadilisha mara mbili, Shangazi. Leo daktari alimfunika jicho moja, kalamu ikabaki moja. Alipomfunua, zikawa mbili. Akamwambia afuate kidole kuelekea kushoto: jicho la kulia likaenda, la kushoto likagota katikati. Neva inayolivuta jicho kwenda nje inapita hapo hapo kwenye klivasi. Imebanwa.

Mjomba Idi: Ni saratani?

Rehema: Hasemi kabla ya biopsi, yaani kukata kipande cha uvimbe kikapimwe maabara. Anashuku kodoma, saratani ya mfupa inayotokana na masalia ya notokodi, ule ufito laini ambao uti wa mgongo wa mtoto hujengwa kuuzunguka akiwa tumboni. Hukua polepole, ila inakula mfupa na ina tabia ya kurudi. Ni nadra sana, kama mtu 1 kwa kila watu milioni 1 kwa mwaka.

Juma: Daktari kataja na kondrosakoma, inayoanzia kwenye gegedu. Kwenye picha zinafanana. Maabara ndiyo inazitenganisha, wanatafuta protini iitwayo brakyuri. Kodoma inayo, kondrosakoma haina. Tuombe iwe hiyo ya pili, kwa kawaida matokeo yake ni mazuri zaidi.

Mjomba Idi: Nimeongea na daktari mmoja wa upasuaji, yuko tayari wiki hii. Ya nini kungoja?

Rehema: Mjomba, kwa heshima zote, hapa tusikimbilie. Operesheni ya kwanza ndiyo yenye nafasi kubwa ya kuutoa wote. Ukibaki, ya pili inakuwa ngumu, kuna makovu. Kulia na kushoto mishipa mikubwa ya damu iendayo kwenye ubongo, nyuma shina la ubongo. Tumuulize huyo daktari: uvimbe wa mahali hapa ameshatoa mingapi?

Mjomba Idi: Haya, nitamuuliza hivyo hivyo. Na hali ikibadilika?

Rehema: Akishindwa kumeza, akilegea mkono au mguu, au macho yakififia ghafla, siku hiyo hiyo hospitali.

Shangazi Mwanaidi: Watampasua kichwa?

Rehema: Uvimbe wa hapo katikati mara nyingi hutolewa kupitia puani, kwa endoskopu, mrija mwembamba wenye kamera. Daktari wa pua na wa ubongo wanasimama pamoja. Tundu wanaliziba kwa utando wa pua yenyewe, ukiwa bado na mshipa wake wa damu, ili maji ya ubongo yasivuje. Atakayemuuguza ashike hili: asipenge kamasi, na akiinama yakadondoka maji maangavu puani, apige simu saa hiyo hiyo.

Juma: Kemo, yaani dawa za saratani, zile za kawaida hazifui dafu kwa kodoma. Baada ya upasuaji mara nyingi ni mionzi ya dozi kubwa, na pakiwezekana ya protoni. Protoni, chembe ndogo sana za atomu, zinafika kwenye uvimbe na kuishia hapo, kwa hiyo shina la ubongo na neva za macho zinapata kidogo. Picha ya CT nayo bado, wanataka kuona mfupa umeliwa hadi wapi.

Rehema: Na MRI za kufuatilia ni za miaka mingi. Tujipange kwa zamu, asiende peke yake hata mara moja.

Baba: Sijalala wanangu. Nimefunga kitambaa jicho la kushoto, nimesoma yote. Idi, asante kwa kunihangaikia, lakini nitamsubiri mwenye uzoefu. Rehema, andika swali langu liwe la kwanza: neva ikiachiliwa, jicho litarudi?

Rehema: Nimeandika Baba. La kwanza kabisa.