Msafiri hupataje fedha za kigeni mahali ambapo serikali inazidhibiti kwa ukali?

Msafiri wa Mara ya Kwanza aliuliza:

Ndugu zangu, naomba mawazo kutoka kwa waliokwisha kupita njia hii. Nimekubaliwa kuhudhuria mafunzo ya wiki 3 nje ya nchi, na imebaki miezi 2 hivi kabla ya kuondoka. Nchi ninayoishi ina udhibiti mkali wa fedha za kigeni: mtu hawezi kuingia benki na kununua dola au euro kadiri apendavyo, hata kama fedha za kulipia anazo na amezipata kwa jasho lake. Nilipokwenda benki niliambiwa kwamba upo mgawo wa msafiri, yaani kiasi cha fedha za kigeni anachoruhusiwa kununua mtu anayesafiri, kwamba nilete tiketi, pasipoti yenye visa na barua ya chuo, kisha nisubiri kujulishwa. Ubalozi nao unataka uthibitisho kwamba ninazo fedha za kujikimu kabla haujanipa visa. Benki inasubiri ubalozi, ubalozi unasubiri benki, nami nimesimama katikati.

Mwenzangu kazini alinicheka. Alisema mtu wa mtaani atanimalizia shida hiyo kwa dakika 5, ingawa bei yake iko juu sana kuliko ya benki. Sipendi kuanza safari yangu ya kwanza kwa kuvunja sheria, lakini pia sipendi kufika ugenini mikono mitupu. Nianze na lipi? Kadi yangu ya benki itanifaa kiasi gani nikiwa huko? Na fedha zikibaki baada ya safari, nizifanyeje?

Karani Mstaafu alijibu:

Nilikaa miaka mingi nyuma ya dirisha la fedha za kigeni, kwa hiyo nitakueleza jambo hili kama linavyoonekana kwa aliye upande wa ndani. Wateja wengi walinigombeza kwa sababu waliamini kwamba wamekuja kununua bidhaa, na kwamba mimi ni muuzaji mwenye kiburi. Ukweli ni kwamba chini ya sheria za namna hiyo benki inatumia mamlaka iliyokasimiwa na benki kuu, na kila dola inayotoka dirishani lazima iwe na sababu iliyoandikwa na nakala ya kuithibitisha. Anachokipata msafiri pale kwanza ni kibali, fedha zinafuata baadaye. Ukilielewa hilo hutauliza tena ni lini dola zitakuwepo, bali utauliza faili lako limepungukiwa na nini.

Tuanze na huo mzunguko wa benki na ubalozi, maana ndio unaowakwamisha wengi. Kwa kawaida ubalozi hauhitaji kuona noti za kigeni mkononi mwako. Unachotaka ni ushahidi kwamba una uwezo, na taarifa ya akaunti yako ya miezi kadhaa, hata ikiwa ni ya fedha za nchini, mara nyingi hutosha ikiambatana na barua ya mwajiri au ya chuo. Kwa hiyo tangulia ubalozini na taarifa ya akaunti, upate visa, ndipo urudi benki na faili kamili. Kabla ya hapo, mwombe ofisa wa benki akuandikie orodha ya nyaraka zinazotakiwa, kwa maandishi. Kuambiwa kwa mdomo hakutoshi, kwa sababu ofisa wa Jumatatu na ofisa wa Alhamisi huwa hawakumbuki orodha moja.

La pili, na hili watu hulipuuza: tenganisha ada ya mafunzo na fedha za matumizi. Katika nchi nyingi zenye udhibiti, ada ya shule, gharama za matibabu na malipo ya mkutano huwekwa katika fungu lake, nayo hulipwa moja kwa moja na benki kwenda kwa mpokeaji kwa kutumia ankara. Ukiweka kila kitu katika ombi moja la mgawo wa msafiri, ada itaumeza mgawo wote, nawe utabaki huna nauli ya kutoka uwanja wa ndege. Mwombe mwenye chuo akupatie ankara yenye jina lako, namba ya akaunti yake na tarehe za mafunzo.

La tatu ni muda. Usiwahi mno, wala usichelewe. Afrika Kusini, kwa mfano, msafiri huruhusiwa kununua fedha zake ndani ya siku 60 kabla ya kuondoka, si mapema zaidi. Kwingineko dirisha hilo ni fupi kuliko hapo. Ulizia la kwenu, kisha upeleke faili siku ya kwanza ambayo sheria inaruhusu, kwa sababu kuwa na haki ya mgawo si sawa na tawi kuwa na noti. Nimewahi kumwidhinishia mtu fedha zake zote asubuhi na kumlipa nusu tu jioni, kwa vile kasha lilikuwa tupu. Katika hali hiyo usikatae nusu. Ichukue, upewe stakabadhi inayoonyesha kiasi kilichobaki, na urudi.

Mpenda Historia alijibu:

Mzee ameeleza vizuri namna, mimi niongeze kidogo kuhusu sababu, maana muulizaji anaonekana kuumia kwamba fedha ni zake lakini hawezi kuzitumia. Udhibiti huu haukubuniwa na nchi maskini peke yake. Uingereza ilikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Fedha ya mwaka 1947, na kati ya 1966 na 1970 mtalii wa Kiingereza aliyetoka nje ya eneo la sterling, yaani kundi la nchi ambazo fedha zao zilifungamana na pauni, aliruhusiwa pauni 50 tu za fedha za kigeni kwa mwaka, nazo ziliandikwa katika ukurasa maalumu wa pasipoti yake. Udhibiti huo ulifutwa Oktoba 1979. Tanzania ilibadilisha sheria yake mwaka 1992 na kuruhusu maduka binafsi ya kubadilisha fedha.

Mantiki ni ileile kila mahali: nchi inapata fedha chache za kigeni kutokana na mauzo yake ya nje, na serikali inaona ni afadhali ziende kwenye mafuta, dawa na vipuri kuliko kwenye matembezi. Hata hivyo, Kifungu cha 8 cha Mkataba wa Shirika la Fedha la Kimataifa kinazitaka nchi zilizokikubali zisizuie malipo ya kawaida ya kimataifa, na gharama za safari zimo humo, ilhali mtaji unaohama unaweza kudhibitiwa. Ndiyo maana serikali nyingi hazisemi kwamba usafiri umekatazwa. Zinasema tu: thibitisha kwamba unasafiri kweli, na kwamba huhamishi mali yako kwa kisingizio cha safari. China humruhusu raia wake kununua hadi thamani ya dola 50,000 kwa mwaka, kiasi ambacho si kidogo hata kidogo, lakini humtaka aeleze matumizi yake, na kununua nyumba ng'ambo si jibu linalokubalika.

Shaka hiyo ya serikali wakati mwingine ina msingi. Venezuela ilikuwa na mgawo wa msafiri uliotolewa kupitia kadi za benki kwa bei rasmi, ambayo kufikia mwaka 2013 ilikuwa chini mara kadhaa kuliko bei ya mtaani. Watu walisafiri hadi Ecuador, Peru au Panama, wakaigeuza kadi kuwa noti kwa msaada wa wafanyabiashara, wakarudi kuziuza nyumbani. Tiketi za ndege ziliisha, huku baadhi ya ndege zikiondoka na viti vitupu, kwa sababu kilichohitajika ni tiketi na wala si safari. Karani anayekuuliza maswali 20 leo anamtafuta msafiri wa aina hiyo.

Mgeni Sehemu Zote alijibu:

Kuhusu kadi, nina machungu yangu. Safari moja nilitegemea kadi peke yake kwa sababu benki yangu, ambayo sitaitaja, ilikuwa imenihakikishia kwamba inafanya kazi popote. Siku ya tatu ilikataa kulipia hoteli. Nilipopiga simu nikaelezwa kwamba kiwango cha mwezi cha malipo ya nje kilikuwa kimepunguzwa wiki iliyotangulia na kwamba tangazo lilikuwa limetolewa. Nililipiwa na mtu tuliyekutana mkutanoni, na fedheha ile sijaisahau.

Kwa hiyo uliza benki maswali manne, na majibu uyapate kwa barua pepe: kiwango cha matumizi ya nje kwa siku, kwa mwezi na kwa mwaka; kama kutoa noti katika mashine kunahesabiwa pamoja na kulipia dukani; kama matumizi ya kadi yanakatwa katika mgawo wako wa msafiri; na ni bei gani ya kubadilisha itakayotumika. China, tangu 2018, mtu akiwa nje hawezi kutoa noti zaidi ya thamani ya yuan 100,000 kwa mwaka kwa kadi zake zote kwa jumla, kwa hiyo kuongeza kadi ya benki nyingine hakumsaidii. Argentina iliweka kodi ya asilimia 30 kwa matumizi ya kadi nje ya nchi mwishoni mwa 2019, na watu wengi walishtuka walipoletewa hesabu. Nigeria nayo mwaka 2024 ilizielekeza benki zilipe mgawo wa wasafiri kwa njia za kielektroniki, si kwa noti, kwa hiyo kwa wateja wa benki huko kadi ikawa ndiyo mgawo wenyewe.

Hata hivyo, beba noti kiasi za kukutosha siku 4 au 5 za mwanzo, na uombe nyingi ziwe ndogo.

Asemaye Wazi alijibu:

Mnamshauri kama kwamba benki zote zina fedha. Kwa miaka mingi raia wa Algeria alipata mgawo wenye thamani ya karibu euro 100 kwa mwaka mzima. Nani anaweza kukaa Ulaya kwa fedha hizo? Ndiyo maana Uwanja wa Port-Said jijini Algiers ukawa soko la fedha ambalo kila mtu alilijua, wakiwemo waliopaswa kulizuia. Mgawo ulipopandishwa hadi euro 750 mwaka 2025, ndipo watu wakaanza kuipanga foleni ya benki. Sheria inayompa mtu kisichotosha inamsukuma mtaani yenyewe, kisha inamwita mhalifu.

Karani Mstaafu alijibu:

Ndugu yangu, sibishi kwamba mgawo mdogo huzaa soko la magendo. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na wakati mwingine mteja niliyemnyima asubuhi nilijua kabisa anakoelekea. Lakini swali si sheria ingekuwaje. Huyu kijana ana mafunzo ya wiki 3, ana barua halali na muda wa miezi 2; faili la namna hiyo ndilo rahisi kuliko yote yaliyofika mezani kwangu. Anayenunua mtaani hana stakabadhi, na uwanjani afisa wa forodha hatamwuliza alilipa bei gani, atamwuliza alizipata wapi. Asiyeweza kujibu hunyang'anywa fedha, na katika nchi nyingine hufunguliwa mashtaka. Tena noti ikiwa bandia, atamshtaki nani?

Wapo pia wanaoshauri upatanisho: jamaa aliye nje akupe dola huko, nawe umlipie ndugu yake fedha za nyumbani. Unaonekana kama msaada wa kifamilia, lakini sheria nyingi za udhibiti zinauhesabu kuwa ubadilishaji usio na leseni, sawasawa na wa mtaani. Kilicho tofauti ni jamaa kukugharimia kwa fedha zake bila kurudishiwa kitu, na mahali pengi hilo linaruhusiwa. Vilevile, kama umewahi kulipwa kutoka nje kwa kazi uliyofanya, uliza kama unaruhusiwa kuwa na akaunti ya fedha za kigeni. Fedha zilizoingia kwa njia ya benki mara nyingi huruhusiwa kutoka kwa urahisi zaidi kuliko zile unazoomba kununua.

Msafiri wa Mara ya Kwanza aliandika:

Nawashukuru sana. Kesho naanza na ubalozi, kisha ankara ya ada. Limebaki swali langu la mwisho: nikirudi na fedha kidogo, naweza kuziweka kwa ajili ya safari ijayo?

Karani Mstaafu alijibu:

Inategemea nchi, na hapa ndipo watu wema wanapojikuta wamevunja sheria bila kujua. Afrika Kusini inataka fedha zilizobaki zirudishwe kwa muuzaji aliyeidhinishwa ndani ya siku 30 baada ya kurejea. India inatoa siku 180, na inakuruhusu kubaki na hadi dola 2,000. Soma kilichoandikwa nyuma ya fomu utakayotia saini, maana sharti hilo huwa hapo, kwa herufi ndogo, na karani mwenye foleni ndefu hatakusomea. Unaporudi, pita forodhani utangaze kiasi ulicho nacho, kisha uende benki na stakabadhi ileile uliyonunulia. Utapoteza kidogo katika tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza, lakini jina lako litafungwa katika daftari la safari hiyo, na ombi lako lijalo halitakuta deni la maelezo.

Na unakili kila karatasi mara mbili kabla hujafika dirishani, kwani mashine ya kunakili ya benki huharibika siku ambayo wewe una haraka.